Barua ya wazi kwa Kiongozi wa Wachache Bungeni: mko upande gani?

Kwa Mheshimiwa Kiongozi wa Wachache,
Bunge la Taifa, Nairobi

Mheshimiwa, salamu kutoka Kondele. Mimi ni kijana mpiga kura wa huku Kisumu na swali langu ni moja tu, nyinyi ODM mko upinzani ama mko serikalini? Najua wanahabari wamekuuliza hilo swali mara nyingi lakini mimi nauliza kama mtu mwenye alipiga laini 2022 mpaka jua likamchoma. Katiba kifungu cha 108 inasema lazima kuwe na kiongozi wa chama cha wachache bungeni, na hiyo nafasi haikuwekwa iwe pambo, iliwekwa ndio kuwe na mtu wa kuikabili serikali na kuiuliza maswali bila kuogopa kufutwa.

Tangu Baba, Raila Odinga wa ODM, atuache tarehe 15 Oktoba 2025 huku mtaani hatuongei kitu kingine. Kuna jamaa wa boda hapa stejini, namheshimu sana juu anaongea kitu ameishi, yeye anasema upinzani ni kazi ya watu wenye wameshiba. Anasema kuanzia enzi za babu yake huku tumekuwa upinzani na kila uchaguzi Kisumu ndio inalipa, maduka yanafungwa, polisi wanaingia Nyalenda, Obunga, Manyatta, 2017 mtoto wa miezi sita akapigwa akiwa kwao nyumbani Nyalenda akafa, na baada ya machozi yote hayo hakuna kitu tulipata. Sasa tuko ndani ya serikali, anasema, wacha na sisi tuonje hata kama ni kidogo. Akimaliza hivyo wengi wanatingisha kichwa, na siwezi kuwalaumu, hayo machungu ni ya kweli.

Lakini mimi naona hapo ndio tunachanganya mambo. Kitu kilituumiza si upinzani, ni serikali yenye haikuwa na mtu wa kuiambia simama. Kisumu inajua hiyo habari kuliko mji wowote Kenya. Oktoba 1969 Mzee Kenyatta alikuja kufungua hospitali yenye mpaka leo tunaita Russia, kukatokea vurugu, walinzi wakapiga watu risasi, siku chache baadaye KPU, chama cha upinzani cha Jaramogi Oginga Odinga, ikapigwa marufuku na yeye akawekwa kizuizini. KANU, chama tawala, ikabaki peke yake, 1982 ikaandikwa kabisa kwenye katiba kwamba hakuna chama kingine, 1988 watu wakapangwa mlolongo na kuna mahali mwenye laini fupi ndiye alitangazwa mshindi, ilifika Desemba 1991 ndio kile kifungu cha 2A kikaondolewa. Sasa nauliza wale wanasema tukae kimya ndio tupate maendeleo, hiyo miaka yote ya kukaa kimya tulipata nini? Kiwanda cha molasi hapa kwetu kilikwama katikati ya hiyo miaka na hakukuwa na mbunge wa chama kingine wa kusimama aulize pesa imeenda wapi.

Sasa tuje karibu. Tarehe 25 Juni 2024 wabunge 195 walisema ndio kwa Mswada wa Fedha wa kuongeza kodi, 106 wakasema la. Wale 106 walishindwa kura lakini tuliwajua kwa majina, na vijana wenye walikuwa barabarani walijua kuna watu ndani ya hiyo nyumba wanasema kile wao wanasema. Wengine hawakurudi nyumbani hiyo siku. Kesho yake Rais akatangaza hatatia sahihi. Halafu miezi miwili haijaisha, Mheshimiwa Wandayi, mwenye alikuwa kwa hicho kiti umekalia, akaapishwa waziri wa kawi, na Mheshimiwa Mbadi, wa ODM pia, mwenye alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Hesabu za Umma, akaenda Hazina ya Kitaifa.

Sisemi hawajui kazi, Mbadi hesabu anaijua. Shida yangu ni hii: kanuni za Bunge zinaipea upande wa wachache hiyo kamati ndio ripoti za Mkaguzi Mkuu zipitiwe na watu wenye hawakushika hizo pesa. Leo chama kinachoshika pesa na chama kinachouliza pesa ilitumika aje ni kimoja. Wahenga walisema kesi ya ngedere usimpelekee nyani. Ule mkataba wa Rais Ruto na Baba, kati ya UDA na ODM, wa 7 Machi 2025 pale ukumbi wa KICC ulikuwa na mambo kumi, na fidia ya watu waliouawa na kuumizwa kwenye maandamano ilikuwa ndani. Mwenye angefaa kuamka kila wiki aulize imefika wapi ni wewe mheshimiwa, na utamuuliza nani kama mnakaa meza moja?

Na huku nyumbani pia nisinyamaze, kwa sababu Kisumu chama kikubwa ni ODM yenyewe. Ukipata tiketi ya chama mara nyingi umemaliza, ndio maana mchujo unakuwa vita kuliko uchaguzi wenyewe, na MCA, yaani mwakilishi wa wadi, akishaingia hana mtu wa kumsumbua kwa bunge la kaunti juu karibu wote ni wa nyumba moja. Watu wa Kisumu Mashariki walionyesha 2017 inawezekana, walimrudisha Shakeel Shabbir bungeni kama mgombea huru. Kwa hivyo hii si chuki ya chama chochote, hata nyinyi mkishika serikali yote kesho nitataka kuwe na wa kuwauliza.

Ninachoomba si kikubwa. Kama mmeamua kuwa serikalini, semeni wazi na muachie wengine hivyo viti vya wachache pamoja na kamati zake. Kama bado ni wachache, basi Mswada wa Fedha ukiletwa tuambie mapema mtapiga kura aje, na majina tuyaone.

Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027. Kuna mabeshte zangu hapa wako na vitambulisho na hawajajiandikisha, wanasema haina haja kupiga kura kama wote wataishia upande mmoja. Nimejaribu kuwaambia waende lakini hilo swali lao siwezi kulijibu mimi, ni lako.

Wako,
Mpiga kura, Kondele, Kisumu