Filamu za kijasusi za Waingereza zitazamwe pamoja na tarehe za manowari zao

Kwako Mhariri,

Nimesoma kwa makini makala yenu ya toleo lililopita kuhusu filamu za zamani za Uingereza zinazosimulia ujasusi wa wakati wa vita, na namshukuru mwandishi kwa kuzikumbuka kazi ambazo vijana wetu hawazijui tena. Hata hivyo sikubaliani na hoja yake kuu, kwamba filamu hizo ni ushahidi wa ubabe wa Waingereza baharini. Mimi naona kinyume chake. Hila nyingi zinazosifiwa humo zilitumika pale ambapo manowari zilikuwa chache, zimepigwa au ziko mbali. Katika hadithi zetu, sungura hamlaghai fisi kwa kuwa ana misuli.

Chukua filamu ya The Battle of the River Plate, ambayo mwandishi wenu ameisifu kwa aya mbili nzima. Miongoni mwa wahusika wake ni nahodha wa Africa Shell, meli ndogo ya mafuta ambayo manowari ya Kijerumani Graf Spee iliizamisha karibu na pwani ya Msumbiji mnamo Novemba 1939, katika bahari hii hii yetu. Baada ya kupambana na manowari tatu za Waingereza, Ajax, Achilles na Exeter, tarehe 13 Desemba, Graf Spee ilijificha katika bandari ya Montevideo, nchini Uruguay. Waliobaki kuivizia nje ni Ajax na Achilles, zote zikiwa na majeraha, na baadaye manowari nyingine yao, Cumberland, iliyofika mbio kuchukua nafasi ya Exeter, ambayo ilikuwa imejikokota hadi visiwa vya Falkland. Hapo ndipo tunapoona Waingereza wakiinua simu wanayojua fika kwamba inasikilizwa, wakaagiza mafuta kwa ajili ya manowari kubwa ambazo kwa kweli zilikuwa bado safarini, mbali sana. Nahodha Langsdorff akaamini kwamba amezingirwa, na tarehe 17 akailipua meli yake mwenyewe. Ni tukio la kusisimua, lakini tusisahau kwamba mwenye manowari za kutosha hana haja ya kupiga simu ya uongo.

Filamu hiyo ilionyeshwa mbele ya Malkia Elizabeth huko London tarehe 29 Oktoba 1956. Siku hiyo hiyo majeshi ya Israel yaliingia Sinai, na siku chache baadaye Uingereza na Ufaransa zikaishambulia Misri kwa ajili ya Mfereji wa Suez, kisha zikalazimika kusimamisha vita kwa shinikizo la Marekani. Basi watazamaji walikuwa wakishangilia ushindi wa mwaka 1939 katika juma lile lile ambalo dola yao ilikuwa inaelekea kuumbuka. Hata ndani ya filamu yenyewe dalili zimo, kwa mwenye kutazama: Graf Spee inaigizwa na manowari ya Kimarekani, Salem, na Achilles inajiigiza yenyewe, ila wakati huo ilikwisha kuwa mali ya India na kuitwa Delhi.

Kuhusu The Man Who Never Was, ya mwaka huo huo wa 1956, nakiri kwamba hoja yangu hainisaidii sana, kwa sababu maiti ile iliyoachwa na nyambizi Seraph karibu na Huelva, pwani ya Uhispania, mwaka 1943, ikiwa na barua za kuwapoteza Wajerumani kuhusu mpango wa kuvamia kisiwa cha Sicily, ilitumwa na upande uliokuwa tayari unasonga mbele. Ninalolalamikia ni kwamba mwandishi wenu amelichukua tukio la baba anayeombwa ruhusa ya kutumia mwili wa mwanawe kana kwamba lilitokea. Marehemu halisi, Glyndwr Michael, alikuwa maskini wa Wales asiye na makazi, ambaye wazazi wake walikwisha kufariki. Hakuna aliyeombwa chochote, na jina lake halikujulikana hadharani hadi miaka ya 1990.

Lakini pengo kubwa zaidi la makala ile ni Mombasa. Mwandishi ametaja kwa furaha Sink the Bismarck!, filamu ya mwaka 1960, ambamo manowari ya Kiingereza Dorsetshire inaimalizia Bismarck, manowari ya Hitler, kwa topido mnamo Mei 1941. Mwaka haukuisha, Dorsetshire hiyo hiyo ilizamishwa na ndege za Wajapani katika Bahari ya Hindi, tarehe 5 Aprili 1942, na siku nne baadaye ikafuata Hermes, manowari ya kubeba ndege. Exeter, shujaa wa River Plate, ilikuwa imekwisha kuzama katika Bahari ya Java mwezi uliotangulia. Kundi la Manowari la Mashariki la Waingereza, chini ya Admirali James Somerville, likaiacha Ceylon (Sri Lanka ya leo) na kukimbilia Kilindini, bandari ya Mombasa.

Pamoja nalo walikuja wafumbuzi wa maandishi ya siri, wakapewa majengo ya shule ya Allidina Visram, shule ambayo wengi wetu wa Mombasa tumeipita mara elfu bila kujua. Mawimbi ya redio ya Wajapani yalifika hapa kwa shida, na mengi hayakusikika kabisa. Hata hivyo mnamo Septemba 1942 upande wa Wajapani ulifanya kosa katika kutuma ujumbe, na wafumbuzi wale wakalishika kosa hilo kama mtu anayeshika uzi uliochomoza kwenye mkeka. Ilipofika Novemba walikuwa wanasoma ujumbe wa meli za mizigo za Japani kadiri ulivyoingia, na hivyo kuweza kufuatilia misafara yake. Kazi hiyo ilifanywa na jeshi lililokuwa limefukuzwa Singapore na kusukumwa hadi pwani ya Afrika. Ni hadithi ya kijasusi kamili, lakini katika filamu zote zilizotajwa kwenye makala ile haimo, na sishangai, kwani ingembidi mtengenezaji aanze kwa kuonyesha manowari za Mfalme zikikimbia.

Naomba basi mwandishi wenu, atakapoirudia mada hii kama alivyoahidi, avuke kivuko aje hadi Kilindini. Wapo bado wazee hapa mjini ambao baba zao walikuwa makuli gatini mwaka ule, wakipakua mizigo ya manowari hizo, na sijaona mahali popote walipoulizwa baba zao walisimulia nini.

Wenu,
Msomaji wa siku nyingi,
Mombasa