Kitasa kinachokataa kuchokonolewa si lazima kiwe kibovu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nizungumze na mafundi wenzangu wa vitasa, pamoja na wale wanaotuita milangoni mwao baada ya kupoteza ufunguo. Ipo hukumu moja ambayo tumezoea kuitoa upesi mno. Fundi huingiza kichokoo chake, yaani kijichuma chembamba cha kufungulia kitasa bila ufunguo, kwenye tundu la ufunguo, huhangaika kwa robo saa huku jasho likimtoka, kisha humgeukia mwenye mlango na kumwambia kwamba kitasa kimekufa na hakuna dawa ila drili. Mara nyingi kitasa hicho ni kizima kabisa, na kilichoshindwa ni mkono wa fundi.

Nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kutoboa kitasa kizima. Mwenye mlango alikuwa amefungiwa nje na funguo zake zilikuwa ndani. Nilipokuwa nachokonoa, silinda, yaani kile kipande cha mviringo kinachopokea ufunguo na kuzunguka nao, ilizunguka kidogo sana, kisha ikagoma. Nilipolegeza mkono ikarudi nyuma, nilipokaza ikaganda. Nikatangaza kwamba imevunjika ndani, nikaitoboa. Baada ya mlango kufunguka nilimwaga mabaki juu ya kitambaa cheupe, nikaziona pini mbili za nyuma ambazo drili haikuzifikia. Zilikuwa nyembamba katikati na pana kwenye ncha zote mbili, kama kiuno cha nyigu, na uso wake ulikuwa unang'aa bila mkwaruzo wowote. Hazikuwa zimelika, zilichongwa hivyo kiwandani kwa makusudi ili kumzuia mtu anayechokonoa. Mwenye mlango alichukua ufunguo wake mezani, akanitazama, akaniuliza utafaa nini sasa. Sikuwa na jibu, na swali lile ndilo linaloniandikisha barua hii.

Ili nieleweke, ni lazima niseme kinachotokea ndani. Katika vitasa vya silinda vilivyo vya kawaida leo, ambavyo asili yake ni hataza za Linus Yale wa Marekani, baba mwaka 1848 na mwanawe wa jina hilohilo mwaka 1861, ndani ya silinda kuna safu ya vijitundu, na kila kijitundu kina pini mbili zilizopandana na springi inayozisukuma. Ufunguo halali huinua kila jozi mpaka pale pini mbili zinapokutana pawe sawasawa na mpaka wa silinda ya ndani na gamba lake, ndipo silinda huzunguka. Pini yenye kiuno ikichokonolewa hunasa mpakani kwa kile kiuno chake, silinda ikasogea kidogo na kusimama. Kwa hiyo mzunguko ule mdogo niliouita ugonjwa ulikuwa dalili ya afya: kitasa kilikuwa kinafanya kazi kiliyonunuliwa kuifanya.

Shahidi wa kwanza wa kuitwa ni ufunguo wenyewe, kama upo. Ukiingia bila kukwama na kuzunguka kwa wepesi, kitasa ni kizima hata kama vichokoo vyote vya fundi vimeshindwa. Ukigoma, bado tusihukumu, kwa maana ufunguo uliochongwa kutokana na nakala ya nakala hubeba makosa madogo ya kila aliyeuchonga kabla, mpaka meno yake hayafiki tena yanapotakiwa. Utafutwe ule uliotoka kiwandani, ujaribiwe mlango ukiwa wazi. Kipimo hiki cha mlango wazi hakichukui hata dakika moja, nami nashangaa jinsi kinavyosahauliwa. Ikiwa ufunguo unazunguka mlango ukiwa wazi na unakataa ukiwa umefungwa, kosa haliko kwenye silinda. Bawaba zimelegea, mlango umeshuka, na ulimi wa kitasa unabanwa na bati lililo kwenye mwimo. Mlango kama huo humtesa mwenye ufunguo na mwenye kichokoo vilevile, na kubadilisha silinda hakutausaidia.

Pasipo ufunguo, fundi ana kidole chake. Aondoe kabisa nguvu ya kuzungusha silinda, kisha aiguse kila pini kwa ncha ya kichokoo, taratibu, kutoka nyuma kuja mbele. Pini nzima husukumika na kurudi kwa msukumo wa springi yake. Inayobaki juu bila kurudi ina springi iliyokufa au imenata kwenye uchafu. Isiyosogea kabisa huenda imezuiwa na kutu au na kipande cha ufunguo kilichokatikia ndani. Nasisitiza kuondoa nguvu kwa sababu silinda ikiwa imekazwa, hata pini nzima hubaki juu, na hapo fundi hudanganyika. Mkono mzito, naamini, ndio unaosingizia vitasa ubovu kuliko kutu na springi zote. Njia ya kujipima ni kuchukua silinda nyingine ya aina ileile inayojulikana kuwa nzima; ikikataa kwa namna ileile, fundi amekwishapata jibu lake.

Kuhusu uchafu nitasema machache. Mafuta mazito yanayomiminwa tunduni hushika vumbi na kugeuka gundi. Unga wa grafiti hufaa zaidi, mradi usichanganywe na mafuta hayo.

Tena si kila kitasa kina pini. Mwaka 1907 Emil Henriksson wa Ufini alibuni kufuli la visahani vinavyozungushwa na ufunguo, na anayeingiza humo kichokoo cha kawaida hapati springi ya kumsukuma, akadhani ndani kumekufa. Kabla yake, mwaka 1818, Jeremiah Chubb wa Uingereza alikuwa amebuni kufuli ambalo likichokonolewa vibaya hujifunga kiasi cha kuukataa hata ufunguo wake halali, mpaka litengenezwe kwanza kwa ufunguo mwingine maalumu. Mtu asiyelijua angeapa kwamba limeharibika. Na mwaka 1851, jijini London, fundi wa kufuli Mmarekani A. C. Hobbs alitumia saa 51 katika muda wa siku 16 kulichokonoa na kulifungua kufuli lililobuniwa na Mwingereza Joseph Bramah. Kufuli lile halikuwa na kasoro yoyote kwa saa zote hizo, nasi tunakihukumu kitasa cha watu kwa robo saa.

Sisemi kwamba drili isitumike kamwe. Kuna vitasa vilivyokufa kweli, na kuna dharura ambapo mtu yuko ndani na hakuna muda wa vipimo. Ninachoomba ni kwamba fundi anayesema kitasa ni kibovu aseme pia ni kipimo gani kilichomwonyesha, na mwenye mlango asione haya kumuuliza. Tangu siku ile, kila ninapolazimika kutoboa, humwaga pini zote juu ya kitambaa mbele ya mwenyewe na kumwonyesha ile iliyoharibika. Nikikosa ya kumwonyesha, gharama ya silinda mpya ni yangu.

Wako,
Fundi wa vitasa