Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kamati iliamua tuachane na kurukaruka, tukae na jambo moja: mawingu ya gesi yaliyo katikati ya galaksi yetu. Baadhi yenu mlilalamika kwamba hayaonekani kwa darubini zetu. Kweli, hayaonekani. Kitovu kiko umbali wa miaka ya nuru kama 26,000, na vumbi la njiani huzuia mwanga wa kawaida. Mawimbi ya redio hupenya. Kwa hiyo wakati wa kipupwe, kundi la Mshale likiwa juu usiku, tulijifunza kupaona mahali penyewe angani, kisha tukarudi ukumbini kuchambua picha zilizotolewa kwa umma, zikiwemo za MeerKAT, darubini ya redio ya Afrika Kusini.

Kilichotushika ni fumbo hili. Eneo lile la kati lina gesi ya molekuli yenye uzito wa majua makumi ya mamilioni, tena iliyosongamana. Ungetegemea nyota zizaliwe kwa fujo. Wapi! Zinazaliwa kama sehemu moja tu ya kumi ya zinazotarajiwa kwa gesi nyingi namna hiyo. Liko wingu moja, G0.253+0.016, ambalo wanaastronomia wamelibandika jina la Tofali: lina uzito wa majua yapata 100,000, na bado nyota changa ndani yake ni za kutafuta. Wingu jingine, Sagittarius B2, lililo eneo hilohilo, linazaa nyota kwelikweli.

Wengi hutafuta sababu kwenye mwendo. Molekuli kama amonia hutoa mawimbi ya redio ya urefu maalumu. Gesi ikitujia yanafupika, ikituacha yanarefuka, na hapo kasi inapimika. Upau wa nyota, yaani mkusanyiko mrefu wa nyota unaokatiza katikati ya galaksi, huisukuma gesi kuelekea ndani, nayo huzunguka kitovu kwa kasi inayopita kilomita 100 kwa sekunde. Mwaka 2011 darubini ya Herschel ilionyesha umbo kama pete iliyosokotwa. Mwaka 2015 mwanaastronomia Kruijssen na wenzake wakapendekeza kwamba si pete iliyofungwa bali vijito vilivyo wazi. Ndani ya mawingu kwenyewe kuna msukosuko mkubwa kuliko wa mawingu ya huku kwetu, na gesi ina joto zaidi, hivyo mvutano wake wenyewe unashindwa kuikusanya. Mimi niko upande wa msukosuko. Katibu anashikilia kwamba ugasumaku, yaani nguvu ya sumaku iliyomo kwenye gesi, unapuuzwa, na ubishi wake umeturefushia vikao zaidi ya mara moja.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Langu ni fupi: ada zilizocheleweshwa ndizo zilizokwamisha ununuzi wa projekta, na wahusika mnajijua.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza Nebula ya Orioni, wingu la gesi linalozaa nyota, ambayo kila mwanachama ataiona kwa macho yake, tupate kulinganisha. Pendekezo litapigiwa kura mara baada ya hesabu.

Mwenyekiti