Shukrani kwa mama wa benchi la wodini

Shikamoo mama. Jina lako sikuliuliza, ila popote ulipo, asante sana. Usiku ule mume wangu akiwa chumba cha wagonjwa mahututi, ulinimiminia uji wa ulezi kutoka kwenye chupa yako ya chai: "Kunywa kwanza mwanangu, tutasali ukishashiba." Kisha ukasoma Zaburi ya 121, mistari yote 8, taratibu, kwenye Biblia iliyobandikwa selotepu mgongoni. Hukuniahidi kwamba atapona. Walioahidi walikuwa wengi, na walinichosha. Ulisema tu, "Mungu hasinzii, kwa hiyo wewe lala." Nikalala, jamani! Baba watoto ameruhusiwa, anatembelea mkongojo. Na mgonjwa wako anaendeleaje? Tunamwombea kila jioni, Mungu anamjua kwa jina.