Tuwaulize Wanyama Kabla ya Kuwafungia Vifaa

Mhariri,

Makala mliyochapa kuhusu vifaa vya kielektroniki vya kutunzia wanyama nimeisoma mara mbili, kwa kuwa kufunga na kutengeneza vifaa vya aina hiyo ndiyo kazi inayonilisha. Mwandishi wake amesifu mikanda ya shingoni inayopima muda ambao ng'ombe anacheua, kamera zinazomwonyesha mtu mbwa wake aliyebaki nyumbani, na maikrofoni zinazonasa kikohozi cha nguruwe kabla ugonjwa haujaenea bandani. Sina ugomvi na vifaa hivyo. Kikohozi kikigunduliwa mapema nguruwe hutibiwa mapema, na jambo hilo halihitaji kutetewa. Ugomvi wangu ni na neno "ustawi", ambalo makala imelirudia karibu kila aya, ilhali vingi kati ya vifaa vilivyotajwa vinampasha habari binadamu tu, na mnyama mwenyewe hana njia yoyote ya kuvitumia wala kuvikataa.

Niliwahi kumfungia mteja mmoja kamera yenye spika ili azungumze na mbwa wake akiwa kazini. Siku ya kuijaribu nilibaki chumbani na yule mbwa, mwenyewe akasimama nje barabarani na simu yake. Sauti ilipotoka kwenye kile kisanduku mbwa aliruka, akakimbilia mlangoni, akarudi kunusa nyuma ya kabati, kisha akajilaza kizingitini na pua yake ameisukumiza kwenye upenyo wa chini ya mlango. Bwana wake alimwita tena mara tatu, akifurahia jinsi picha ilivyokuwa safi. Kifaa kilifanya kazi yake barabara, ila kazi yenyewe ilikuwa kumtoa mtu wasiwasi, na kikampa mbwa wasiwasi ambao dakika moja kabla hakuwa nao.

Kosa la namna hii ni la zamani kuliko simu, na hata watu makini hulifanya. Mwaka 1965 kamati ya serikali ya Uingereza iliyoongozwa na Profesa Brambell ilitoa ripoti kuhusu mifugo inayofugwa kwa wingi ndani ya mabanda, ripoti ambayo ndiyo chimbuko la zile kanuni za uhuru wa aina tano (mnyama asipatwe na njaa na kiu, usumbufu, maumivu na magonjwa, wala hofu, na aweze kufuata tabia zake za asili) zinazofundishwa leo katika masomo ya ustawi wa wanyama. Pamoja na mapendekezo mengine, kamati ilitaka sakafu za vizimba vya kuku zisitengenezwe kwa wavu wa waya mwembamba wenye vijitundu vya pembe sita, na mtu yeyote aliyeutazama wavu ule kwa macho ya binadamu angekubaliana nayo. Mwaka 1973 watafiti wawili, Hughes na Black, wakawapa kuku nafasi ya kuchagua wenyewe kati ya sakafu za aina mbalimbali, na kuku wakapendelea kusimama juu ya wavu uleule uliokataliwa, ambao nyaya zake zilizokaribiana huushika unyayo mahali pengi zaidi. Ni kweli kwamba kuku wale hawakuulizwa kama walikitaka kizimba chenyewe, na jaribio la namna hiyo halimruhusu mnyama kuchagua kitu ambacho hakuwekewa mbele yake. Hata hivyo walijibu swali walilopewa, na jibu lao halikuwa lile ambalo wataalamu walikuwa wamewaandikia.

Kipo pia kipimo cha kujua mnyama anakitaka kitu kwa kiasi gani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, watafiti wa chuo kikuu cha British Columbia nchini Kanada waliweka brashi ya mashine ya kumsugua ng'ombe mwili nyuma ya mlango ambao ng'ombe alilazimika kuusukuma, wakawa wanauongezea uzito hatua kwa hatua, na ng'ombe wakausukuma mlango huo kwa bidii ileile waliyoionyesha walipokuwa wakitafuta chakula kipya. Brashi yenyewe ni chombo duni mtu akikilinganisha na mikanda iliyosifiwa katika makala yenu. Haitumi ujumbe wowote kwa mfugaji. Ng'ombe anapoiegemea inaanza kuzunguka, na anapoondoka inasimama. Kwa maoni yangu ina haki zaidi ya kuitwa teknolojia ya ustawi, kwa sababu mwenye kuiwasha ni ng'ombe.

Roboti za kukamua, ambazo zilianza kutumika mashambani Uholanzi mwaka 1992, zina sifa hiyo kwa kiasi fulani, maana ng'ombe huenda kukamuliwa kwa wakati wake. Nasema kwa kiasi fulani kwa kuwa kinachomvuta mara nyingi ni chakula cha ziada kilichowekwa ndani, na yapo mabanda ambayo milango yake imepangwa hivi kwamba ng'ombe hawezi kufika malishoni bila kupitia kwenye roboti. Banda moja nililoitwa, ng'ombe walikuwa wakifika mlangoni mwa roboti na kugeuka, na mwenye banda alitaka niwafungie lango la kuwasukuma kwa nyuma. Niliinama hadi kimo cha kichwa cha ng'ombe nikasikia vali ya hewa ikitoa mlio mkali usawa wa sikio. Tuliihamisha vali hiyo hadi upande wa pili wa ukuta, na lile lango halikuhitajika tena. Huo si uvumbuzi wangu. Temple Grandin, mtaalamu wa tabia za mifugo wa Marekani, amekuwa akiingia mwenyewe katika njia za kupitishia ng'ombe kwa miongo mingi, akionyesha jinsi kivuli, mng'ao wa maji au mnyororo unaoning'inia unavyoweza kuwazuia wanyama ambao wahudumu wao huwaita wakaidi.

Masikio na macho yetu si kipimo cha haya. Mbwa husikia milio ya juu sana ambayo sikio letu halifikii, kwa hiyo chombo tunachokiona kimya kinaweza kuwa kinampigia kelele mchana kutwa. Rangi nyekundu, ambayo sisi wabunifu tunaipenda mno kwa vitufe, mbwa haitofautishi vizuri na kijani. Farasi naye ana taabu kama hiyo, na ndiyo maana vizuizi vya mbio za farasi nchini Uingereza, vilivyopakwa rangi ya machungwa kwa miaka mingi ili vionekane na watu, vilianza kubadilishwa kuwa vyeupe mwaka 2022.

Kwa hiyo naliomba gazeti lako, litakapoandika tena kuhusu kifaa kipya cha ustawi wa wanyama, limuulize mtengenezaji kama wanyama waliokijaribu walikuwa na njia ya kukikwepa, na ni wangapi walioitumia njia hiyo. Akijibu kwa takwimu za maziwa na mayai peke yake, basi kifaa kiitwe cha uzalishaji, jina ambalo halina aibu yoyote.

Wako katika ujenzi wa mabanda,
Fundi wa vifaa vya mifugo