Jumamosi: Dracula na mtaji
Wapendwa, habari za jioni. Jumamosi saa kumi tunaendelea na Dracula (1897), riwaya ya Bram Stoker kuhusu kabaila mnyonya damu, safari hii kwa jicho la Karl Marx, mchambuzi wa ubepari. Yeye aliandika mwaka 1867 kwamba mtaji ni kazi iliyokufa, unaishi kwa kufyonza kazi iliyo hai kama mnyonya damu. Miaka 30 kabla ya riwaya!

Rudieni pale Harker, wakili aliye mgeni kwenye ngome ya Dracula, anapochungulia kwenye upenyo wa mlango, anamkuta bwana mkubwa anaandaa meza ya chakula mwenyewe. Hana mtumishi hata mmoja. Kabaila gani huyo? Halafu kisu kinachana koti lake: haimwagiki damu, zinamwagika noti na dhahabu. Kwangu huyo ni bepari aliyevaa joho la kabaila. Anayepinga aje na ukurasa.

Hadithi za mumiani tuziweke hadi wakati wa chai, jamani.