Siku tuliyopanda mlima Kitonga mimi na mama yako

Marahaba mwanangu. Meseji zako nimeziona asubuhi hii mtandao uliposhika, najua ulikuwa na wasiwasi maana simu zilizima toka juzi usiku na pawabenki ikawa imeisha. Tuko wazima kabisa. Tuko Ilula, mama yako yuko hapo nje anaanika hema, umande wa huku ni mwingi sana, na mimi nimeona nikuandikie kabla hajamaliza kwasababu kuna kitu nataka ukijue wewe ambaye mwezi wa nane unaoa.

Jana tuliamka Ruaha Mbuyuni saa 10 alfajiri. Hema tulilipiga uani kwa mzee mmoja mkulima wa vitunguu, kule vitunguu ni kila mahali, magunia yamepangwa kando ya lami mpaka nguo zinanuka vitunguu, na joto la lile bonde usiku lilitufanya tulale na wavu tu bila kufunga zipu. Tukakoroga uji, tukafunga mizigo kwenye keria za baiskeli, tukaanza kunyonga, mibuyu ikiwa bado myeusi gizani, na mto Ruaha Mkuu tumeuacha nyuma yetu unateremka na maji yake kwenda Kidatu kwenye ile mitambo ya umeme ya megawati 204.

Sasa toka Morogoro (ukitoa zile kilomita 50 za ndani ya hifadhi ya Mikumi, pale tulipakia baiskeli kwenye fuso, tembo hatukutaka kukutana nao) mwendo wetu ulikuwa ni huohuo, mimi mbele mama yako nyuma. Nikipata kivuli nasimama namsubiri, akitokea tu nasema haya twende. Nilikuwa naona nafanya jambo jema kumsubiri mwenzangu.

Hatujaanza kupanda Kitonga, tairi lake la nyuma likaenda pancha. Nikabandika kiraka haraka haraka, nikajaza upepo, mita 200 hazikuisha limelala tena. Mama yako akalichukua tairi mkononi mwangu, akapitisha kidole kwa ndani polepole kama anachambua mchele, akafika mahali akasimama, kidole kikatoa damu. Waya! Mwembamba kama unywele, zile nyaya za matairi ya malori yanayopasukaga njiani, umezama kwenye mpira, kwa nje huoni kitu. Akauvuta na kikata kucha. Na akiwa amekaa palepale chini, hakupandisha hata sauti, akaniambia mume wangu, leo ni siku ya tano sijapumzika. Wewe ukinisubiri unapumzika, mimi nikifika wewe unaondoka.

Mwanangu nilishindwa kujibu. Maana ni kweli, na sio kwenye baiskeli tu, hata ile nyumba tulivyojenga ilikuwa hivyohivyo, namaliza langu nakaa nasubiri, yeye akifika mimi nishaanza lingine.

Basi Kitonga akatangulia yeye. Huo mlima unaujua ukiwa ndani ya basi, kwa miguu ni kitu kingine, zile kona unakokota baiskeli na mzigo, malori ya Zambia yanapanda kwa gia ya chini mpaka mnatembea nayo sambamba, na yanayoshuka yanakuachia harufu ya breki zilizoungua. Utingo mmoja alitunyooshea chupa ya maji dirishani na lori halikusimama, tukaipokea. Nyani wamekaa pembeni wanatuangalia. Mama yako kila kona anasimama, anahesabu pumzi 20, anaendelea, na mimi nasimama akisimama. Miaka 31 ya ndoa na sikuwahi kuona anavyopanda mlima, siku zote nilikuwa nimeshafika.

Juu upepo ukawa wa baridi ghafla. Akakaa kwenye jiwe. Nikakaa kimya, nikamenya chungwa nikampa, sikusema twende mpaka aliponyanyuka mwenyewe akasema haya.

Jioni tukaingia Ilula kwenye nyanya na kamwene nyingi, ile salamu ya Wahehe, mama mmoja akatupa uwanja wa kupiga hema na maji ya moto ya kuoga bila hata kuuliza tunakaa siku ngapi.

Ananiita, hema limekauka. Leo tunaingia Iringa mjini na anatangulia yeye. Ukipiga jioni muombe akuonyeshe ule waya kwenye video, ameuweka ndani ya kibiriti.

Baba yako